Leibniz: Mwanazuoni aliyehesabu kwa tarakimu mbili, na deni letu kwake

Na Mwandishi Wetu, Songea

Mkulima wa Songea anapojisajili ili apate mbolea ya ruzuku, jina lake, namba yake ya simu na ukubwa wa shamba lake huingizwa katika mfumo wa kielektroniki. Anapouza mahindi, uzito wa mzigo wake huandikwa na kutunzwa. Anaponunua umeme wa LUKU kwa simu, fedha hutoka upande mmoja na uniti huingia upande mwingine bila noti kushikwa na mtu yeyote. Hata hivyo, ndani ya mashine zinazofanya kazi hiyo hakuna jina, hakuna kilo wala shilingi. Kuna alama mbili tu, sifuri na moja, zilizopangwa kwa utaratibu maalumu.

Utaratibu huo ni mkongwe kuliko kompyuta. Wapo wanahisabati waliougusa mapema, lakini aliyeufanyia kazi kwa kina, akaonesha namna ya kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya kwa tarakimu mbili tu, kisha akautangaza kwa wanazuoni wenzake, ni Gottfried Wilhelm Leibniz. Alifariki dunia zaidi ya miaka 300 iliyopita bila kuona faida yake hata moja. Maisha yake yanastahili kufahamika kwa mwananchi wa leo, kwa kuwa taarifa za mwananchi huyo zinahifadhiwa kwa namna aliyoifikiria yeye.

Leibniz alizaliwa tarehe 1 Julai, 1646 katika mji wa Leipzig, ulio ndani ya Ujerumani ya sasa. Wakati huo Ujerumani haikuwa dola moja, bali mkusanyiko wa milki nyingi ndogo zilizokuwa zimechoshwa na Vita vya Miaka Thelathini, vilivyomalizika mwaka 1648. Baba yake alikuwa profesa wa falsafa ya maadili katika Chuo Kikuu cha Leipzig, naye alifariki mwaka 1652, mtoto akiwa na umri wa miaka sita. Urithi mkubwa aliouacha ulikuwa maktaba yake. Mtoto aliporuhusiwa kuingia humo alijifunza Kilatini, lugha ya elimu ya zama hizo, kwa juhudi zake mwenyewe, akasoma vitabu vilivyokusudiwa kwa watu wazima.

Aliingia chuo kikuu mwaka 1661 akiwa na miaka 14, akasoma falsafa na sheria. Mwaka 1666 chuo hicho kilikataa kumtunuku shahada ya uzamivu ya sheria, na inadhaniwa kuwa umri wake mdogo ulikuwa miongoni mwa sababu. Hakubaki kulalamika. Alikwenda Altdorf, karibu na Nuremberg, akawasilisha utafiti wake na kutunukiwa shahada. Chuo hicho kilikuwa tayari kumpa kazi ya kufundisha, lakini akachagua kuwatumikia watawala kama mwanasheria na mshauri. Mwaka huohuo wa 1666 alichapisha kitabu kuhusu sanaa ya kuunganisha mambo. Ndani yake alijenga hoja kwamba fikra zote za binadamu, hata zilizo ngumu, huundwa kwa kuunganisha fikra chache zilizo rahisi, kama vile maneno yasiyohesabika yanavyoundwa kwa herufi chache. Wazo hilo halikumtoka maisha yake yote.

Mwaka 1672 alitumwa Paris kwa shughuli za kidiplomasia, akakaa huko hadi mwaka 1676. Ujumbe wa kisiasa haukuzaa matunda, lakini Paris ilimpatia mwalimu wa hisabati aliyekuwa miongoni mwa bora wa zama hizo, Mholanzi Christiaan Huygens. Huko pia alifahamu habari za mashine ya Mfaransa Blaise Pascal, iliyoweza kujumlisha na kutoa. Leibniz alibuni ya kwake, yenye pipa la meno ya urefu tofauti, ili iweze pia kuzidisha na kugawanya. Aliamini kuwa si haki mtu mwenye akili na elimu apoteze saa nyingi katika kukokotoa, kazi inayoweza kufanywa na mtu yeyote akiwa na mashine. Mapema mwaka 1673 alionesha mfano wa mashine hiyo jijini London mbele ya Jumuiya ya Kifalme ya wanasayansi. Ilikuwa bado haijakamilika, lakini mwaka huohuo alikubaliwa kuwa mwanachama. Kilichomsumbua kwa miaka mingi kilikuwa ni kitendo ambacho mtoto wa shule ya msingi hukifanya kwa penseli: kupeleka moja kwenye safu inayofuata pale jumla inapofika kumi.

Mwishoni mwa mwaka 1676 alihamia Hanover kumtumikia mtawala wa huko, akiwa mtunza maktaba, mwanasheria na mshauri. Ni katika utumishi huo, tarehe 15 Machi, 1679, alipoandika waraka wa Kilatini kuhusu hesabu za namna mpya. Katika hesabu za kawaida tunatumia tarakimu kumi, kuanzia sifuri hadi tisa, na thamani ya kila nafasi ni mara kumi ya ile iliyo kulia kwake: mamoja, makumi, mamia, maelfu. Leibniz aliuliza itakuwaje iwapo thamani ya kila nafasi itakuwa mara mbili tu ya jirani yake: moja, mbili, nne, nane, kumi na sita, na kuendelea. Katika mpango huo, ambao leo unaitwa mfumo wa binari, tarakimu zinazohitajika ni sifuri na moja tu.

Mfanyabiashara wa sokoni anaweza kuuelewa mpango huo kwa mawe ya mizani, mfano ambao Leibniz mwenyewe aliutaja baadaye katika maandishi yake. Mtu mwenye mawe matano, ya kilo 1, 2, 4, 8 na 16, anaweza kupima uzito wowote kamili kuanzia kilo 1 hadi kilo 31. Akitaka kilo 13, ataweka jiwe la 8, la 4 na la 1, na kuacha la 16 na la 2. Kwa kila jiwe swali ni moja: limewekwa au halikuwekwa? Lililowekwa huandikwa moja, lisilowekwa huandikwa sifuri, kuanzia lile zito. Hivyo 13 inakuwa 01101. Hakuna jiwe linalohitajika mara mbili, na hakuna uzito usio na jibu.

Katika waraka huohuo Leibniz alipendekeza mashine. Alifikiria kisanduku chenye matundu yanayoweza kufunguliwa na kufungwa. Tundu la moja libaki wazi, tundu la sifuri lifungwe. Kisha gololi zidondoke kupitia matundu yaliyo wazi na kuingia kwenye mifereji iliyo chini. Gololi mbili zikikutana katika mfereji mmoja, moja ihamie mfereji unaofuata. Kwa njia hiyo mashine ingejumlisha bila kuhitaji gurudumu la meno. Mchezaji wa bao ataitambua picha hiyo mara moja: mashimo yaliyopangwa kwa safu, na swali la kila shimo ni iwapo lina kete au halina.

Mashine hiyo haikujengwa enzi za uhai wake. Sababu moja ni kwamba mfumo wa binari huandika namba ndefu. Elfu moja, tunayoiandika kwa tarakimu nne, ndani yake inahitaji tarakimu kumi: 1111101000. Kwa karani anayeandika kwa kalamu na wino huo ulikuwa mzigo, si nafuu. Leibniz alilijua hilo, na hakuwashauri watu wa sokoni waache kuhesabu kwa makumi. Yeye aliuthamini mfumo huo kwa sababu ulionesha mpangilio wa namba uliofichika katika hesabu za kawaida.

Zaidi ya hapo, hakuwa na muda. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1670 hadi mwaka 1685 alihangaika na migodi ya fedha ya milima ya Harz, akijaribu kutumia nguvu ya upepo kuondoa maji yaliyofurika mashimoni. Mradi ulishindwa, na maofisa wa migodi hawakusikitika. Mwaka 1685 alipewa kazi ya kuandika historia ya ukoo wa mabwana zake. Badala ya kuandika kitabu cha sifa, alizunguka nchi za Ulaya akipekua kumbukumbu hadi Italia, na kazi hiyo ikamfuata hadi kaburini bila kumalizika. Katikati ya shughuli hizo alichapisha, mwaka 1684, kanuni za tawi la hisabati liitwalo kalkulasi, linalopima mabadiliko. Kwa sababu Mwingereza Isaac Newton alikuwa amefikia matokeo ya namna hiyo mapema bila kuyachapisha, ulizuka mgogoro mkali kuhusu nani mwenye haki. Mwaka 1712 kamati ya Jumuiya ya Kifalme iliamua dhidi ya Leibniz, wakati rais wa jumuiya hiyo alikuwa Newton mwenyewe. Leo wanahistoria wanakubali kuwa kila mmoja aliifikia elimu hiyo kwa njia yake.

Wazo la tarakimu mbili lilirudi kwake kwa njia ya imani. Katika barua ya mwaka 1697 kwa Mtawala Rudolf August alipendekeza itengenezwe medali ya kuonesha kuwa, kama namba zote zinavyotokana na moja na sifuri, ndivyo Mungu alivyoumba vyote pasipo na kitu. Miaka michache baadaye Joachim Bouvet, mmisionari Mfaransa aliyekuwa Beijing, alimtumia mchoro wa alama 64 za kitabu cha kale cha Kichina, kila alama ikiwa na mistari sita, mizima au iliyokatika. Leibniz alifurahi kuona kuwa mistari hiyo inaweza kusomwa kama moja na sifuri. Alama zenye nafasi sita hutoa michanganyiko 64 kamili, sawa na idadi ya kete za bao letu, ingawa kete hizo zina chimbuko lake na kanuni zake. Mwaka 1703 aliwasilisha andiko lake kuhusu hesabu za binari kwa Chuo cha Sayansi cha Paris, likachapishwa miaka miwili baadaye. Waliolisoma waliliona kuwa jambo la kuvutia, wakaendelea na shughuli zao.

Leibniz alikuwa pia mtu wa taasisi. Mwaka 1700 ilianzishwa mjini Berlin jumuiya ya sayansi kwa msukumo wake, naye akawa rais wake wa kwanza. Aliandikiana barua na watu wapatao 1,100, na zipo barua zake takribani 15,000. Hata hivyo, miaka ya mwisho ilikuwa ya upweke. Mwaka 1714 bwana wake, Georg Ludwig, alikwenda London kuwa Mfalme wa Uingereza. Leibniz aliagizwa abaki Hanover hadi amalize historia ya ukoo. Alifariki dunia huko tarehe 14 Novemba, 1716, akiwa na umri wa miaka 70. Wakuu wa ikulu hawakuhudhuria mazishi. Jumuiya ya London na ile ya Berlin, aliyoiongoza, hazikumtolea heshima yoyote, na kaburi lake lilikaa zaidi ya miaka 50 bila alama ya jina.

Elimu yake ilisubiri. Mwaka 1854 Mwingereza George Boole alichapisha kitabu kilichoonesha kuwa hoja za kweli na si kweli zinaweza kukokotolewa kama hesabu. Mwaka 1937 Mmarekani Claude Shannon, akiwa mwanafunzi, alionesha kuwa hesabu za Boole zinalingana na swichi za umeme zilizofungwa au zilizo wazi. Mwaka 1941, mjini Berlin, Konrad Zuse alikamilisha mashine iliyokokotoa kwa binari ikiongozwa na programu, kwa kutumia swichi zinazovutwa na sumaku ya umeme. Baadaye swichi hizo zilibadilishwa kwa transista, ambazo leo hufungwa kwa mabilioni ndani ya kipande kidogo kuliko ukucha.

Urefu wa namba uliokuwa mzigo kwa karani haukuwa tatizo kwa umeme, kwa sababu umeme hauchoki kuandika. Kinachousumbua umeme ni kutofautisha viwango kumi vinavyokaribiana, kwa kuwa nguvu yake hupanda na kushuka. Kutofautisha upo na haupo ni rahisi na hakukosewi mara kwa mara. Ndiyo maana dunia nzima ilichagua tarakimu mbili.

Nchini Tanzania kompyuta zilianza kutumika serikalini katika miaka ya 1960, Wizara ya Fedha ikiwa ya kwanza, na Sera ya Taifa ya Teknolojia ya Habari na Mawasiliano ilipitishwa kwa mara ya kwanza mwaka 2003. Kwa Songea, hatua kubwa ilikuwa kuunganishwa na Gridi ya Taifa mwaka 2018 kupitia njia ya umeme ya kilovolti 220 kutoka Makambako. Kabla ya hapo mji ulitegemea kwa kiasi kikubwa majenereta ya dizeli. Mfumo unaohesabu kwa umeme hauwezi kumhudumia mwananchi pale ambapo umeme wenyewe haupo.

Sasa turudi kwenye bao. Kila safu yake ina mashimo manane. Tukilipa shimo la kulia kabisa thamani ya 1, linalofuata 2, kisha 4, 8, 16, 32, 64 na la mwisho 128, safu moja inaweza kutunza namba yoyote kuanzia 0 hadi 255. Shimo moja ndilo wataalamu wanaloliita biti, na mashimo manane ni baiti. Herufi nazo hupewa namba kwa makubaliano ya kimataifa. Herufi kubwa S ni 83, yaani 64 na 16 na 2 na 1, hivyo huandikwa 01010011. Jina SONGEA lina herufi sita na linahitaji safu sita, sawa na mabao mawili kasoro safu mbili.

Hapo ndipo thamani ya kete moja inapoonekana. Tuseme safu hiyo haitunzi herufi, bali idadi ya magunia ya mkulima, ambayo ni 83. Kete iliyo katika shimo la 64 ikitoweka, yatabaki magunia 19. Kete moja imempotezea mkulima magunia 64. Wahandisi huizuia hatari hiyo kwa kuongeza biti ya ukaguzi: kabla ya kutunza, mashine huhesabu iwapo kete zote ni shufwa au witiri na kuandika jibu pembeni. Magunia 83 yana kete nne, shufwa. Zikibaki tatu, mashine hutambua kuwa kuna kasoro. Zipo mbinu imara zaidi zinazoonesha hata shimo lililoharibika na kulirekebisha.

Lakini ipo kasoro ambayo hakuna biti inayoweza kuigundua. Mtu akiandika 38 badala ya 83, mashine itapokea 38, itaikagua, itaiona ni sahihi na kuitunza kwa uaminifu. Vivyo hivyo kwa Namba ya Utambulisho wa Taifa yenye tarakimu 20, kwa jina lililokosewa herufi, au kwa ekari zilizozidishwa. Sifuri na moja hazijui ukweli. Zinajua kutunza walichopewa.

Wananchi wa Songea wanaifahamu gharama ya kumbukumbu iliyopotea. Nduna Songea Mbano, ambaye mji huu unabeba jina lake, alinyongwa na wakoloni wa Kijerumani mwaka 1906 baada ya mapambano ya Vita vya Majimaji, na inaaminika kuwa kichwa chake kilipelekwa Ujerumani. Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika katika Makumbusho ya Majimaji, akaomba radhi mbele ya wazao na kuahidi ushirikiano katika kukitafuta. Ilipita zaidi ya karne moja na mahali kilipo hapakuwa panajulikana, kwa kukosekana kwa kumbukumbu ya kuwaongoza wanaotafuta.

Leibniz aliacha kurasa zipatazo 200,000, nyingi zikiwa hazijachapishwa alipofariki. Zilitunzwa Hanover, na kwa kuwa zilitunzwa, waraka wa Machi 1679 unasomeka hadi leo. Mwananchi anayesomewa taarifa zake dirishani naye anao wajibu wa namna hiyo: kusikiliza jina lake herufi kwa herufi, kuangalia namba zake moja baada ya nyingine, na kuomba marekebisho kabla ya kuondoka, wakati kosa bado ni la kete moja.